OGM: tunauliza juu ya tumbo, tunasahau majani ya pembeni ya shamba

Kila mara neno OGM linapotajwa hapa Haut-Katanga, mazungumzo yanaenda moja kwa moja kwenye sahani. Bukari ya mahindi ya Afrika Kusini inaleta ugonjwa? Mtoto akiikula miaka 10, itamfanya nini? Watu wanabishana ndani ya basi, kanisani, kwenye redio, na kila mmoja ana shemeji yake aliyesikia jambo fulani. Swali si baya. Lakini watu wa Afrika Kusini wanakula mahindi meupe ya namna hiyo tangu mwanzo wa miaka ya 2000, na Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya OGM vilivyo sokoni vilipimwa na havielekei kuleta hatari kwa mlaji. Kwa mtu wa Kamatanda, mimi naona swali zito liko kwingine. Liko shambani, na zaidi liko kwenye yale majani yanayoota yenyewe pembeni ya shamba, yale tunayoyapitia bila kuyaangalia.

OGM ni mmea ambao wataalamu wameuingizia jeni kutoka kwa kiumbe kingine ili uwe na tabia mpya. Mahindi yamepewa jeni ya bakteria wa udongoni, na sasa kiwavi akiyala anakufa. Mengine yamepewa jeni ya kuvumilia dawa ya kuua magugu. Jeni hiyo haikai kama rangi iliyopakwa juu ya ukuta. Iko ndani ya mbegu na ndani ya chavua, ule unga wa manjano wa maua. Chavua ikiangukia ua la mmea wa jamii yake, mtoto anaweza kuzaliwa na jeni hiyo. Upepo na nyuki hawaombi ruhusa ya mtu.

Kamatanda, kama sehemu nyingine za kandokando ya Likasi, inaishi kwa machimbo na kwa shamba. Baba yuko kwenye shimo la shaba, mama yuko kwenye mahindi, kunde na muhogo. Mvua zikianza, familia ambayo haikubakiza mbegu haina nafasi ya kwenda kutafuta mfuko wenye karatasi ya SENASEM. Inaenda sokoni, inanunua meka ya mahindi, inachagua punje nzuri, inapanda. Hakuna kosa hapo. Ndivyo wazee wetu walivyofanya siku zote. Lakini hiyo ndiyo sababu kwa mkulima wetu hakuna mstari kati ya chakula na mbegu. Unga haumei. Punje inamea.

Sasa punje inatoka wapi? Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mahindi na unga wa Katanga imepitia Kasumbalesa kutoka Zambia, na Zambia ni nchi iliyojifungia mlango mapema. Mwaka 2002, kukiwa na njaa, Rais Levy Mwanawasa alikataa mahindi ya msaada kutoka Marekani kwa sababu yalikuwa na OGM. Mwaka 2007 nchi hiyo ikatunga sheria yake ya usalama wa bioteknolojia. Watu wengi duniani walimlaumu Mwanawasa, na mtu anaweza kubishana kama alifanya vizuri kukataa chakula wakati watu wana njaa. Lakini kwa upande wetu matokeo yalikuwa wazi: sisi tulilindwa na sheria ya jirani, bila kutumia hata franga moja.

Ulinzi huo si wa kudumu. Mavuno ya Zambia yakiwa mabaya, mpaka unafungwa, bei ya mfuko wa unga inaruka Lubumbashi na Likasi, na macho ya wafanyabiashara yanageukia Afrika Kusini. Huko zaidi ya asilimia 80 ya mahindi yanayolimwa ni OGM. Kama shehena ni unga uliokwisha kusagwa, shamba la Kamatanda halina la kuogopa. Kama ni punje, na punje hizo zikamwagwa sokoni kwa meka, kuna mtu atazipanda. Si kwa ubaya. Atazipanda kwa sababu ni nzuri kwa macho na mvua imefika.

Katika ile njaa ya 2002, Zimbabwe na Msumbiji hazikukataa msaada kama Zambia. Zilisema: tunachukua, lakini mahindi yasagwe kwanza. Nchi zenye njaa, zenye haraka, zilipata nafasi ya kufikiria tofauti kati ya punje na unga. Sisi hapa tuna OCC, tuna huduma ya karantini ya mimea na wanyama, tuna watu wa forodha, na barua zote hizo kubwa zimeandikwa juu ya milango pale Kasumbalesa. Mimi nataka kusikia tu ni nani kati yao anayeuliza kama punje iliyo ndani ya kamyo ni OGM au si OGM. Kongo ni mwanachama wa Itifaki ya Cartagena, ule mkataba wa dunia juu ya OGM uliopitishwa mwaka 2000 na kuanza kufanya kazi 2003. Mkataba huo unataka shehena ya chakula yenye OGM isafiri na karatasi inayosema hivyo. Karatasi hiyo inaweza kuombwa leo. Haihitaji bajeti.

Mtu wa mashine ya kusaga hapa Likasi atasema: ukilazimisha kila kitu kiingie kama unga, unaua kazi yangu. Ana haki. Basi punje ziingie, lakini ziende kwenye gari lililofungwa hadi kwenye mashine, zisagwe, na zisiuzwe nzima. Hilo ni jambo la amri ya jimbo, gavana anaweza kulitia sahihi.

Wengine wanaokataa OGM wanatisha watu kwa mambo yasiyokuwepo. Mahindi hayana ndugu wa mwituni hapa Afrika. Ndugu yake, nyasi inayoitwa teosinte, yuko Mexico na nchi za jirani zake, kwa sababu mahindi yalizaliwa kule. Kwa hiyo hakuna jani la porini la Katanga litakalobeba jeni ya mahindi. Ambayo yanaweza kuchanganyika ni mahindi ya jirani yako, yale ya kienyeji ambayo mama yako alikuwa anayafunga juu ya moto. Hata Mexico kwenyewe, mwaka 2001 watafiti David Quist na Ignacio Chapela waliandika kwamba jeni za OGM zimeonekana katika mahindi ya kienyeji ya Oaxaca, wakati nchi hiyo ilikuwa imekataza kupanda OGM. Wanasayansi walipigana sana juu ya kazi yao, na jarida lililoichapisha likarudi kusema ushahidi haukutosha. Miaka michache baadaye watafiti wengine walizikuta tena jeni hizo Oaxaca. Maelezo yaliyotajwa sana yalikuwa ya kawaida kabisa: mahindi ya chakula kutoka Marekani yaliuzwa vijijini, na watu wakapanda.

Na pale ambapo hakuna mtu anayepanda, treni inaweza kupanda. Uswisi hairuhusu kulima OGM. Lakini watafiti waliotembea kando ya reli zake, kule Basel na Lugano, walikuta kolza ya OGM, ule mmea wa mafuta, imeota yenyewe kati ya mawe ya reli, na ilivumilia dawa ileile ambayo kampuni ya reli ilikuwa inapiga kuua magugu. Japani vilevile: hailimi kolza hiyo, inaiagiza kutoka nje kwa kukamua mafuta, na imeota kando ya barabara zinazotoka bandarini. Mahindi si kolza, hayawezi kuishi peke yake porini, yanahitaji mkono wa mtu. Hata hivyo ninapoona reli ya Kamatanda na mashamba yaliyoshikana nayo, siwezi kusema kwamba habari za Basel hazituhusu.

Tuache mahindi. Jambo linalonifanya niandike ni mimea mingine iliyo njiani, kwa sababu hiyo ndugu zake wako hapa.

Kunde kwanza. Kunde ni mtoto wa Afrika, na kunde ya mwituni inaota katika sehemu nyingi za bara hili, Katanga ikiwemo: mmea unaotambaa, wenye ua la zambarau, maganda madogo yanayopasuka yenyewe yakikauka na kurusha mbegu. Mwaka 2019 Nigeria ilikubali kunde ya OGM inayoua kiwavi wa maganda, na Ghana nayo ikafuata njia hiyo. Sisemi ni kunde mbaya. Kiwavi yule anamaliza maua na maganda, na mkulima anayepiga dawa mara nyingi kwa msimu bila gwanda wala kinyago anajiua mwenyewe. Lakini Nigeria si mbali kwa mbegu. Mbegu ya kunde inasafiri katika mfuko wa suruali.

Watu wanasema: kunde inajichavusha yenyewe, hakuna hatari. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Ila kule pwani ya Kenya, mtafiti Rémy Pasquet na wenzake waliwachukua wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za nyumba, wakawabandika mgongoni vyombo vidogo vya redio, wakawafuata kwenye maua ya kunde. Wengi walizunguka karibu. Lakini mmoja alikwenda hadi kilomita 6 hivi, na nyuki hao wanapita kunde ya shamba na kunde ya porini bila kubagua. Utafiti ulitoka mwaka 2008. Kilomita 6 maana yake hakuna shamba la majaribio ambalo unaweza kulizungushia senyenge na kusema limefungwa.

Halafu mtama, ambao kwetu wengi wanauita masaka. Masaka ya porini iko kila mahali Afrika mashariki na kusini, na inaingia hadi ndani ya shamba; mkulima anaing'oa kama gugu. Evans Mutegi na wenzake walichunguza jambo hili Kenya, wakaonyesha kwamba mtama wa shamba na wa mwituni unakaa pamoja, unatoa maua wakati mmoja, na unapeana jeni. Afrika Kusini, nchi ileile inayolima mahindi ya OGM kwa mamilioni ya hekta, ilipoombwa mwaka 2006 kuruhusu majaribio ya mtama wa OGM wenye vitamini, na majaribio yenyewe yalikuwa ya ndani ya nyumba ya vioo, ilikataa kwanza. Sababu moja ilikuwa hiyo: mtama una ndugu porini. Baadaye ilikubali, kwa masharti makali zaidi. Hapo ninaona serikali inayojua tofauti kati ya mmea na mmea. Mahindi ndiyo, mtama ngoja kwanza. Sisi tunataka kusema ndiyo kwa yote au hapana kwa yote, kama timu mbili za mpira.

Muhogo nao unakuja. Juni 2021 mamlaka ya Kenya ya usalama wa bioteknolojia ilikubali muhogo wa OGM uende kujaribiwa katika mashamba ya wazi, muhogo unaokinza ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule unaoozesha mizizi ndani ya udongo huku majani yanaonekana mazima. Ugonjwa huo uko tayari mashariki mwa nchi yetu. Muhogo una ndugu aliyeletwa Afrika wakati wa ukoloni kutoka Brazili kwa ajili ya mpira: mti mrefu wenye majani kama ya muhogo, ambao watu wengine wanapika majani yake kama sombe. Hao wawili wanazaa pamoja bila shida.

Na hapa kuna historia ambayo ningependa kila mwanafunzi wa agronomia aijue. Katika miaka ya 1930, kule Amani, katika milima ya Usambara, Tanganyika, mtaalamu H. H. Storey na wenzake walikuwa wanatafuta muhogo usioshikwa na ugonjwa wa batobato, ule unaokunja majani. Hawakuupata katika muhogo wa kawaida. Wakauoza muhogo na mti ule wa mpira, kisha wakarudisha watoto kwa muhogo mara nyingi, hadi wakapata mimea inayokinza ugonjwa na yenye mizizi ya kuliwa. Damu ya mti ule ilisafiri hadi Nigeria, ikaingia katika mihogo bora iliyogawanywa baadaye Afrika nzima, na Kongo pia. Sehemu ya sombe na fufu ambayo nchi hii inakula imetokana na mti ambao leo tunaukata kwa ajili ya makala.

Hiyo ndiyo thamani ya jani la mwituni. Ni ghala ambayo hatukuijenga. Siku ugonjwa mpya utakapofika, mtaalamu hatatafuta dawa katika mbegu ya dukani, ataitafuta pale porini, katika mimea iliyoteseka na kiangazi na wadudu miaka elfu nyingi.

Kuchanganyika kwenyewe si uchawi. Mimea ya shamba na ya porini imepeana jeni tangu binadamu alipoanza kulima. Linalobadilika ni aina ya jeni. Jeni ya kuvumilia dawa ya magugu haimpi jani la porini faida yoyote pale ambapo hakuna anayepiga dawa. Lakini jeni ya kuua viwavi inaweza kumpa faida kila siku: kunde ya porini isiyoliwa na kiwavi inaweza kuzaa kuliko nyingine, kuenea, na kuzisukuma zile zisizo na jeni hiyo. Masaka ya porini ikipata nguvu mpya, ni gugu gumu zaidi kwa jembe la mama. Inaweza kutokea, inaweza isitokee; inategemea kiwavi anakula kiasi gani kule porini, na jibu la Nigeria si lazima liwe jibu la Likasi. Kitu kimoja tu hakina mjadala: ikitoka, hairudi. Marekani, jimbo la Oregon, nyasi ya OGM iliyotengenezwa kwa viwanja vya gofu ilipandwa kwa majaribio mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chavua yake ilikutwa hadi kilomita 21 mbali, na jeni ikaonekana katika nyasi za porini. Haikupata kuuzwa katika miaka ile ya majaribio, na bado walikuwa wanaing'oa kwenye mifereji miaka mingi baadaye. Ikiwa Marekani yenye pesa zake imeshindwa kuirudisha chupani, sisi tutatumia nini?

Najua jibu nitakalopewa Kamatanda, na ni jibu zuri: unatuletea habari za maua ya kunde, na huku kilima chenyewe kinachimbwa? Ni kweli. Vilima vya shaba vya Katanga vina mimea isiyokuwa mahali pengine popote duniani, kuna hata Vigna dolomitica, wa ukoo wa kunde, anayeishi juu ya udongo wa shaba na kobalti. Hao wanaondoka kwa tingatinga, si kwa chavua. Kama ningelazimika kuchagua adui wa kwanza wa mimea yetu, ningetaja mgodi, halafu makala, halafu moto wa kiangazi. OGM ingekuja mbali nyuma. Lakini hiyo inaongeza uzito wa ninachosema: ghala iliyokwisha kupungua ndiyo unayoilinda zaidi. Na mbegu za kunde na maharagwe ya mwituni zilizokusanywa vizuri kuliko zote ziko Meise, Ubelgiji, katika friji. Mtoto wa Likasi akitaka kuziona anahitaji viza.

Kwa hiyo sitaki OGM zikatazwe zote milele, kama Kenya ilivyofanya 2012 halafu serikali ikafungua ghafla Oktoba 2022, na tangu hapo watu wako mahakamani. Mkulima wa Uvira ambaye muhogo wake unaoza ana haki ya kuuona ule muhogo mpya ukijaribiwa. Ninachotaka ni kwamba hakuna ruhusa ya kunde, mtama au muhogo wa OGM katika Haut-Katanga kabla hatujajua ndugu zao wako wapi, wanatoa maua lini, na umbali gani kutoka mashambani.

Kazi hiyo haihitaji maabara ya mamilioni. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha agronomia chenye watu waliosomea mimea ya vilima vya shaba kwa miaka mingi, na INERA ina kituo pale Kipopo. Wape wanafunzi 10 pikipiki, madaftari na bahasha za kuwekea mbegu. Waanzie njia ya reli ya Kamatanda, wapite mashambani, waulize akina mama, kwa sababu wao ndio wanaojua kila gugu kwa jina lake. Waende mwisho wa mvua, kunde ya porini ikiwa na maganda, kabla watu hawajaanza kuchoma majani.